Naomba ushauri: plastiki zimenijaa nyumbani, nianzie wapi?

Wakuu habari za jioni. Naishi Tabata na wife na watoto wawili, juzi mvua ilivyonyesha mtaro wa nje ukaziba maji yakaingia mpaka barazani, kuzibua nakuta chupa za maji na vinailoni vya chipsi, na nikicheki vizuri vingine ni vya kwetu kabisa, aibu.

Mifuko ya rambo tuliaga toka Juni 2019 na kikapu cha ukindu ninacho, sokoni naenda nacho freshi tu. Shida ni hivi vidogo vidogo. Karanga nailoni, supu ya moto nailoni (hiyo ndo inaniogopesha zaidi), juisi ya ukwaju kwenye chupa iliyookotwa sijui wapi. Nimejaribu kwenda na hotpoti kwa muuza chipsi, jamaa akacheka, akapima chipsi kwenye nailoni kwanza halafu ndo akamimina kwenye hotpoti yangu!! Nikabaki namwangalia tu.

Upande wa maji tunachemsha ya bomba ila watoto wanadai yana ladha ya moshi, wanataka ya dukani. Nilikuwa nafikiria mtungi wa udongo, je mtungi unasafishwaje usiote ukungu? Na chupa tulizonazo tayari, wale vijana wanaonunua kwa kilo wanachukua hata kidogo kidogo au mpaka nijaze kiroba?

Mliofanikiwa mnafanyaje, hasa kwa hawa wauzaji wa barabarani bila kuonekana unajifanya mzungu?