Maprini ya Japani kwa parseli: tupeane uzoefu

Jambo ba ndugu na ba dada. Hapa Bukavu maprini, ile matunda wengine wanaita nyanya ya muti ao tamarillo, iko mingi kwenye soko ya Kadutu, lakini wenye kuipanda nyumbani si wengi na mimi naona ni hasara kubwa, juu ni muti mudogo, hauombi nafasi, maua yake inanukia na nyuki zinakuja. Asili yake ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, njo maana inasikilizana na baridi yetu ya huku juu. Yangu iko Bagira nyuma ya jikoni, ilitoka kwa mbegu, ikazaa mwaka wa pili. Nyinyi munafanya namna gani, zaidi kwa udongo na upepo?

Mama wa Walungu:
Sisi tunapanda ya mbegu na ya tawi. Ya mbegu inapanda juu sana kwanza njo inatoa matawi, ya tawi inabakia chini kama kichaka, kwa kilima yenye upepo chukua hiyo. Matawi inavunjika bepesi ikibeba matunda, na mizizi haiendi chini, kwa hiyo simika muti ingine pembeni uifunge, na jembe usiipitishe karibu na shina, ng'oa majani na mukono tu. Tena usiipande karibu na nyanya ao viazi, ni familia moja, magonjwa inapita huku na kule.

Kijana wa Goma:
Huku kwetu chini ni mawe ya volkano, watu walisema haitaota. Inaota muzuri sana, juu maji haisimami, na huu muti maji ikisimama kwa mizizi siku chache tu unakufa. Tulileta udongo na mbolea ya ng'ombe, juu tukafunika na majani makavu, kiangazi tunamwangia.

Wa juisi, Nguba:
Mimi nauzisha juisi. Ngoja tunda ibadilike rangi yote, ya nyekundu iko na uchachu, ya manjano ni tamu zaidi. Ganda ni chungu, usisage nayo hata kidogo. Mwangia maji ya moto dakika chache, ganda inatoka yenyewe, saga, chuja mbegu, tia maji na sukari. Na uvae nguo ya kazi, ile rangi haitoki kwa nguo nyeupe.

Mwenye Bagira:
Aksanti mama, kesho nakata matawi. Mwenye anataka mbegu ya nyekundu apite achukue.