Ukoo wa Bibi Mwanahawa: habari za Idi

Mama Rehema: Asalam alekum wapendwa. Jana tumepewa majibu. Idi hana mapepo wala kifafa, ni ugonjwa wa usingizi unaitwa nakolepsi. Njia nzima kwenye daladala nalia tu nikikumbuka fimbo alizokula shule kwa kusinzia

Shangazi Mwana: Walekum salam wifi, pole. Lakini kusinzia kumekuwa ugonjwa tangu lini, si anakesha na simu huyo

Mama Rehema: Wifi simu nalala nayo mimi. Analala saa tatu usiku, na saa nne asubuhi kichwa kiko mezani. Oneni daftari lake
[Picha]
Mistari miwili ya juu mwandiko mzuri, wa tatu unateremka, wa nne ni kama njia ya siafu mpaka kalamu imetoka nje ya karatasi. Hapo kalala na mkono unaandika

Shangazi Mwana: Ya Rabi

Rehema: Shangazi nilikuwepo. Walimbandika nyaya kichwani akalala usiku kucha, kesho yake wakamlaza tena mara tano kila baada ya masaa mawili. Mtu wa kawaida anachukua kama saa moja na nusu kufika kwenye ndoto, Idi dakika kumi hazifiki. Kuna kemikali ya ubongo inaitwa oreksini, ndiyo inayotushikilia tuwe macho, na seli zinazoitoa kwake zimekufa. Kwa hiyo usingizi unamwingia muda wowote, hata akijikaza vipi

Baba Mdogo: Na kule kuanguka? Siku ile naigiza yule kipa wetu, mtoto kacheka mara magoti hayo, kikombe cha chai pwaa. Nikamwekea kitunguu puani

Mama Rehema: Ni hiyo hiyo, kicheko kinamlegeza misuli. Ngoja aandike mwenyewe

Mama Rehema: ni mimi Idi. ba mdogo nilikua nasikia kila kitu, nilisikia mnasema nimekufa na bibi analia, nikawa nataka kusema nipo ila mdomo umekataa

Baba Mdogo: Nisamehe mwanangu. Wallahi sikujua

Bibi: Na ile ya kukabwa usiku mjukuu wangu

Rehema: Jinamizi bibi. Akili imeamka lakini mwili bado umefungwa na ndoto, hata mzima humpata, ila wenye nakolepsi linawarudia sana. Mguse bega umwite jina polepole, linaachia. Na dua usiache

Shangazi Mwana: Sasa dawa ipo?

Rehema: Ya kumaliza kabisa hakuna. Ipo ya asubuhi ya kumweka macho, na nyingine ya kuzuia kuanguka ambayo haikatwi ghafla, mkikata anaanguka mfululizo. Kubwa ni alale dakika 15 hadi 20 mchana kwa ratiba, akiamka ana kama masaa mawili mazuri ya kusoma. Baharini asiogelee peke yake, bodaboda asiendeshe, na jikoni kwenye mafuta ya moto asiachwe

Baba Mdogo: Jumatatu naenda shule mimi na barua ya daktari. Wampe hizo dakika zake, hata stoo ya vitabu

Shangazi Mwana: Nakuja na wewe. Mimi ndiye niliyemwita mvivu mbele ya wenzake

Mama Rehema: Shukrani. Kalala sasa hivi hapa kwenye mkeka, alamu saa saba na robo. Msipige simu kwanza