Mjadala: Fedha za bangili walizotengeneza wanafunzi ni za nani?

Ndugu zangu, swali ninalolileta mbele yenu lilizuka katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya sekondari hapa Tanga, ambayo sitaitaja, na lilitugawa hata mkutano ukafungwa bila uamuzi. Siku ya mahafali wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu walipanga mezani bangili, hereni, vikuku na mikufu waliyoitengeneza wenyewe, na wageni wakanunua mpaka meza zikabaki tupu. Fedha zote zilikusanywa pamoja na kuingizwa katika mfuko wa shule. Waliotengeneza walipewa soda na pongezi.

Mimi ni mzazi wa mmoja wao, na msimamo wangu ni kwamba gharama ya vifaa ikisharudishwa, sehemu kubwa ya kinachobaki ni haki ya mwanafunzi aliyeifanya kazi ile, na shule ichukue sehemu ndogo iliyokubaliwa kabla kazi haijaanza.

Aliyewahi kukaa karibu na kazi hii anajua kwamba si mchezo wa kupitishia muda. Kifuu cha nazi hukatwa kwa msumeno wa chuma, taratibu, kisije kikapasuka. Husawazishwa kwa tupa, hupigwa msasa mkali kisha msasa laini, na mwisho hupakwa mafuta ya nazi mpaka king'ae. Singa za mkonge huchambuliwa, huoshwa, hutiwa rangi, ndipo zisokotwe na kusukwa. Mabaki ya vitenge huombwa kwa mafundi cherehani wa Ngamiani, hukatwa utepe mwembamba na kuviringishwa juu ya bangili tupu kwa gundi, na utepe ukilegea mahali pamoja tu kazi yote hufumuliwa. Binti yangu alitumia jioni tatu kwa jozi moja ya hereni, na jozi ya kwanza aliiacha kwa sababu upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine. Hakuna aliyemwambia aiache; aliamua mwenyewe kwamba mtu hauziwi kitu cha namna hiyo.

Waliotetea uamuzi wa shule walianza na Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya kuunganisha masomo na kazi. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alitukumbusha kwamba enzi zao walilima shamba la shule, wakavuna, na mavuno yakawalisha wao wenyewe na walimu wao, wala hakuna mtoto aliyedai malipo. Ni kweli. Lakini Mwalimu Nyerere, alipoutoa waraka wake Machi 1967, hakuishia kwenye jembe. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua jinsi mapato ya kazi yao yatakavyotumika, na waone uhusiano kati ya jasho lao na nafuu inayopatikana katika maisha yao. Mwanafunzi wa zamani alikula mahindi aliyoyapalilia. Hawa wetu hawakuulizwa chochote, wala hawajaambiwa hadi leo ni kiasi gani kilipatikana. Ukitaka kuitumia hoja ya kujitegemea, basi itumie yote.

Hoja ya pili ilikuwa ya mahitaji: ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, shule ina madawati mabovu, na fedha za mauzo zingesaidia kila mtu. Naelewa uzito wa hoja hii, kwa maana madawati hayo nimeyaona kwa macho yangu. Hata hivyo, ada iliondolewa ili mzigo uondoke mabegani mwa familia, na sioni vipi mzigo huohuo unaweza kuhamishiwa kwenye vidole vya watoto. Wapo waliopendekeza kwamba mwakani kila mwanafunzi apangiwe idadi ya bangili za kuleta. Tukifika huko, hilo litakuwa mchango wa lazima uliopewa jina la somo.

Sisi wa Tanga, zaidi ya hayo, tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi ulikatwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka mbali, waliojaziwa kipande (kadi ya kuhesabia siku za kazi) siku baada ya siku na kulipwa pale tu siku 30 za kazi zilipotimia. Sisemi kwamba meza ya mahafali inafanana na shamba la mkonge la wakati ule. Kufananisha hivyo kungekuwa kuwavunjia heshima waliopitia taabu ile. Nasema tu kwamba katika mkoa ambamo neno kipande bado lina maana kwa wazee, kijana anayesuka singa za mkonge anastahili kujua kazi yake imeuzwa kwa bei gani na nani amechukua nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, isiyodhuru afya wala kuzuia masomo, na inampa mtoto anayefanya kazi haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Shule haikuwaajiri wanafunzi, nakubali. Ila sioni kwa nini mtoto apate heshima ndogo zaidi kwa mwalimu wake kuliko kwa mwajiri.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya mama mmoja aliyesema kwamba tukimlipa kila mtu kwa alichouza, mtoto ambaye nyumbani kwao wanaweza kununua shanga nzuri za kioo na waya usioshika kutu atamshinda mwenzake mwenye kifuu na uzi wa mshipi tu, na shule itakuwa imefungua duka la wenye nacho. Nimelifikiria hili kwa siku kadhaa. Naona njia iliyopo ni vifaa vyote vinunuliwe kwa pamoja, vigawiwe sawa, na gharama yake irudishwe kwanza. Chukulia bangili imeuzwa shilingi 3,000 na vifaa vyake vimegharimu 800: zinabaki 2,200. Shilingi 500 ziende kwenye klabu ya ufundi kununulia vifaa vya muhula unaofuata, na 1,700 apewe aliyeitengeneza, mbele ya mzazi wake, zikiandikwa kwenye daftari ambalo mwanafunzi mwenyewe anatia saini. Hesabu hiyo ni somo tosha, na inafundishika ubaoni.

Linabaki jambo moja ambalo sijalipatia jibu, na hapa ndipo ninapohitaji mawazo yenu, hasa ninyi mafundi na walimu wa ufundi. Mkufu uliouzwa kwa bei ya juu kuliko vyote ulitengenezwa na wasichana watano: mmoja alikata vifuu, wawili walipiga msasa, mmoja alitunga, na wa tano ndiye aliyebuni mpangilio uliomvutia mnunuzi. Binti yangu alikuwa miongoni mwa wapiga msasa, naye anasema aliyebuni apewe zaidi. Yule aliyebuni anasema wagawane sawa. Ninyi mngegawa vipi?