Mmekula 680,000 yangu kumbe propela mliifunga wenyewe vibaya!

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Miezi 4 natetemeshwa na Land Rover 110 yangu ya 300Tdi, gari ninalolitegemea mwaka wa 9 sasa kupeleka mbolea Kilolo na kurudi na viazi Iringa mjini. Juzi ndiyo nimejua kwamba ugonjwa wameutia walewale niliokuwa nawalipa wautibu.

Kros ya nyuma, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), ilikuwa imelegea, ukiachia klachi inagonga. Nikapeleka kwenye gereji moja hapa mjini, jina naliacha. Wakabadilisha kros zote 2 za propela ya nyuma, kugonga kukaisha, nikalipa nikashukuru. Safari ya kwanza kwenda Mikumi, nimeshamaliza kushuka Kitonga, barabara imenyooka, nafika 70 sakafu inaanza kuvuma. Nafika 80 kiti kinatetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani sioni gari lililo nyuma yangu.

Nikarudi. Wakasema matairi. Yakapigwa balansi yote, hola. Wakasema raba za injini. Zikabadilishwa, hola. Wakasema kros walizoweka wao wenyewe si orijino, ninunue nyingine. Nikanunua! Mwisho propela ikapelekwa kwa fundi wa lethi eti imepinda, ikarudi imepakwa rangi nyeusi na mtetemo uleule. Jumla 680,000, na hapo sijahesabu mizigo niliyokodishia gari la mtu.

Kinachonichoma zaidi ya pesa ni hiki: katika safari zote hizo hakuna fundi hata mmoja aliyepanda gari tukaenda naye barabarani. Angepanda angejua mwenyewe. Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Tairi la mbele likikosa balansi unalisikia mikononi, na mtikisiko wake ni wa taratibu. Propela ya 110 inazunguka mara 3.54 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo ukiwa 80 inakimbia karibu mizunguko 1,900 kwa dakika. Huo si mtikisiko tena, ni mvumo, unaupata makalioni na kwenye nyayo. Halafu nikiwa kwenye mwendo huohuo nikitoa gia, injini ikabaki inanguruma chini chini, mvumo haubadiliki hata kidogo. Sasa raba za injini zinaingiaje hapo? Nilimweleza fundi mkuu hayo yote kwa mdomo wangu. Akanijibu, "Kaka, wewe ni dereva, ufundi tuachie sisi."

Ijumaa rafiki yangu akanipeleka kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mti, hana hata bango. Nikampa shikamoo, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho. Kitu cha kwanza akaweka magogo mbele na nyuma ya matairi. Wenye 110 lishikeni hili, maana linaua: hendibreki yake inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), haishiki magurudumu ya nyuma. Ukifungua propela ya nyuma huku umeitegemea hendibreki peke yake, gari linaweza kuondoka wewe ukiwa chini yake.

Akafungua nati 8 kwa spana ya 9/16, akaitoa propela nzima, akaniambia nifunge difloki ya kati, ili nguvu iende mbele, twende tukalijaribu kwa propela ya mbele tu. Tukaingia barabarani. 70 kimya. 80 kimya. Wakuu, nilitaka kulia.

Tuliporudi akailaza propela juu ya mbao mbili. "Njoo uone, mwanangu. Masikio ya huku yamelala, ya kule yamesimama." Masikio ni zile ncha mbili zinazoshika kros kila upande.

Propela ile ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno ili iweze kurefuka na kufupika gari likiruka mashimo. Ukivivuta vikaachana unaweza kuvirudisha kwenye jino lolote, na vitaingia tu bila kulalamika. Lakini kros ikizunguka ikiwa imepinda haipeleki mwendo sawa. Katika kila mzunguko inakimbiza propela mara 2 na kuichelewesha mara 2. Kros ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, ila masikio ya propela yenyewe, ya mbele na ya nyuma, lazima yawe kwenye mstari mmoja. Yakipishana robo mzunguko, kros ya pili badala ya kufuta mtetemo inauongeza. Hapo nunua kros 10, piga balansi mwezi mzima, hupati kitu.

Walivuta propela yangu wakaiachanisha bila kuweka alama. Mstari mmoja tu wa chaki kutoka kipande hiki kwenda kile! Kisha kila nilipowarudia waliishika mikononi, wakatoa kros na kuweka nyingine, fundi wa lethi naye akaipaka rangi, na hakuna aliyeiangalia.

Mzee akavuta, akazungusha, akarudisha, akagonga alama kwa patasi pande zote mbili. Akapunguza na girisi waliyokuwa wameishindilia kwenye meno mpaka propela haikuweza kufupika sawasawa. Nati mpya za kujikaza, ufundi, vyote 35,000. Nimekwenda nayo 90, nikawa nasikia upepo dirishani.

Ila sili ya transfa upande wa nyuma sasa inavuja oili, na kabla ya mtetemo huu ilikuwa kavu. Jumatatu asubuhi naenda pale gereji na zile kros walizozitoa wakasema mbovu, hazichezi hata kidogo. Nataka hela ya balansi, ya raba, ya kros za pili na ya lethi, pamoja na sili. Risiti ninazo 3, mengine nililipa kwa simu na ujumbe upo. Aliyewahi kudai gereji akalipwa aniambie: ulianzia serikali ya mtaa au ulikwenda moja kwa moja polisi?