Mafundi mnaoweka Windows na Ubuntu kwenye diski mbili, mnatupiga hela mchana kweupe

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira so mpangilio mtanisamehe, na mods naomba msiuunganishe huu uzi na ile ya "fundi gani mzuri mjini".

Hivi kuna fundi hata mmoja amewahi kujiuliza kwanini mteja atoe hela anunue SSD ya pili badala ya kuikata ile ile moja patisheni mbili? Maana mimi nilimwambia kwa mdomo na WhatsApp nikamwandikia, laptopu ina nafasi ya M.2 (ya SSD ndogo nyembamba) ambayo ndo ina Windows na programu ya mahesabu ya ofisi, halafu kuna nafasi ya inchi 2.5, hiyo naitaka iwe ya Ubuntu (mfumo wa Linux), kila diski ijitegemee, siku nikichomoa moja nyingine iwake kama hakijatokea kitu. Nikamwambia kabisa chomoa kwanza hiyo M.2, piga Ubuntu, ukimaliza rudisha. Ni kufungua mfuniko wa chini na skurubu moja inayoshika SSD basi. Jamaa akacheka. "Bro hayo mambo ya kizamani, mi naichagua tu diski kwenye instola." Elfu arobaini ikanitoka.

Sasa sikilizeni. Ile instola ya zamani ya Ubuntu, ambayo ndo ilikuwa kwenye fleshi yake ya 22.04, ina ugonjwa unaojulikana na umeripotiwa toka 2014: hata ukiiambia butiloda (kile kiprogramu kinachouwasha mfumo) iende diski ya pili, yenyewe inaenda kuitupia kwenye patisheni ya EFI (kipande kidogo cha diski kinachotunza butiloda) ya kwanza inayoiona, yaani ya Windows. Ndo maana watu wanachomoa diski, sio ushamba. Fundi anayekula hela kwa kazi hii kila siku hajui hilo anajua nini?

Nimekuja kugundua nilipotaka kubadilisha hiyo M.2 niweke kubwa zaidi. Nachomoa, nawasha, skrini nyeusi, eti hakuna kifaa cha kubuti. Nikawasha kwa fleshi nikapiga lsblk (komandi ya kuorodhesha diski), Ubuntu ipo nzima, mafaili yote yapo, na patisheni ya EFI kwenye diski yake ipo vizuri tu imefomatiwa FAT32. Naifungua: TUPU. Hamna hata folda moja. Narudisha M.2 naangalia EFI yake nakuta folda ya Microsoft, ya Boot na ya ubuntu zimebanana humo humo kwenye MB 100. Yaani nimejengewa nyumba mbili halafu mlango wa ya pili umewekwa sebuleni kwa nyumba ya kwanza.

Nampigia ananiambia SSD yangu ni feki. Feki!! Inasoma, inaandika, afya yake nimeipima haina shida, ila feki.

Na kabla ya hapo alishanichezea na saa. Kila nikitoka Ubuntu nikiingia Windows saa imerudi nyuma masaa matatu. Akasema betri ya CMOS (ile inayotunza saa) imekufa, leta elfu kumi na tano. Jamani, Ubuntu inaandika saa ya mazabodi kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma ikidhani ni saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko UTC+3, sasa hiyo betri inakufaje kwa masaa matatu kamili kila siku? Ni komandi moja tu, timedatectl set-local-rtc 1, kazi imeisha. Kuna watu wangapi wamenunua hizo betri aisee.

Ila lililonitoa mapovu ni hili. Siku anaweka Ubuntu alizima Secure Boot (kinga inayokagua saini ya kinachobuti) kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi). Sijui kwanini, Ubuntu inabuti na Secure Boot ikiwa imewashwa, shim yake (kiprogramu chake kinachotangulia kubuti) imesainiwa, hakuna alichoombwa azime. Kuzima bila kuisimamisha BitLocker (inayoifunga diski ya Windows kwa ufunguo) kwanza maana yake TPM (chipu inayotunza ufunguo huo) inaona mipangilio imebadilika inagoma kutoa ufunguo. Picha linaanza, naingia Windows nakutana na skrini ya bluu inataka tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Nilikuwa bado pale pale dukani. Unajua jamaa alisema nini? "Hii Windows imekorapti, tupige upya." Na fleshi ameshachomeka! Mafaili ya ofisi yote yamo, hajauliza kama nina bakapu, hajauliza kitu. Nikamshika mkono, nikaingia kwenye akaunti yangu ya Microsoft kwa simu, ufunguo upo pale umehifadhiwa, nikaandika tarakimu mpaka mwisho ikafunguka. Akabaki ananiangalia tu. Hakusema samahani, alisema "kumbe unajua".

Tangu Windows 10 ikatiwe sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 hii biashara imechangamka, kila fundi ana bango la Linux na nusu yao kazi wanayojua ni kufuta na kupiga upya.

Mwisho wa siku nimeitengeneza mwenyewe. M.2 nje, fleshi ndani, nikamaunti Ubuntu pamoja na ile EFI yake tupu, chroot (kuingia Ubuntu hiyo kupitia fleshi), grub-install (kuweka butiloda) na --removable ili iwake hata BIOS ikisahau listi yake, nikarekebisha UUID (namba ya utambulisho) ya /boot/efi kwenye fstab, faili linaloiambia Ubuntu imaunti patisheni zipi. Nikazima nikachomoa fleshi, ikawaka yenyewe. Nikarudisha M.2, sasa nachagua kwa F12 na hakuna anayemtegemea mwenzake. Elfu arobaini kagoma kurudisha, anasema "kazi ilifanyika".

Kama kuna mtu anamjua fundi anayechomoa diski bila kubembelezwa anitupie PM, kuna laptopu ya bi mkubwa nayo inataka kazi hii hii na mimi muda sina. Wale wa "ungeangalia YouTube toka mwanzo" pitieni kushoto, hela nilimpa yeye sio YouTube.