TiO2 yenye nitrojeni inafuta methilini bluu, fenoli haiguswi

kichocheo_njano: Wakuu, naomba msaada. Natengeneza kichocheo cha kuvunja kemikali kwa mwanga. TiO2 (titani dioksidi) ya anatasi, aina mojawapo ya fuwele zake, imesagwa na urea ili itie nitrojeni, 1:2 kwa uzani, ikachomwa nyuzi 450 kwa saa 2. Unga umetoka wa njano. Chini ya taa ya LED nyeupe ya wati 50, rangi ya methilini bluu ya mg 10 kwa lita inapauka ndani ya saa 2. Fenoli, isiyo na rangi, ya kiwango hichohicho imekaa saa 5 bila kupungua. Kosa liko kwenye unga au kwenye kipimo?

fundi_maabara: Anza na kipimo, mkuu. Methilini bluu yenyewe hufyonza mwanga, kilele kwenye urefu wa wimbi wa karibu nm 664. Ikipigwa na taa nyeupe humwaga elektroni zake kwenye TiO2 na kujiharibu, kwa hiyo hata unga mweupe usiotiwa kitu utaipausha. Nyingine hunata tu kwenye unga: ukizungusha sampuli kwenye sentrifuji, ukakuta mashapo ni ya buluu, hiyo haijavunjwa.

Weka mg 50 za unga kwa ml 100, koroga gizani dakika 30, chukua sampuli ya sifuri (ya kuanzia), ndipo uwashe taa. Pembeni weka TiO2 tupu, na chupa isiyo na unga kabisa.

pengo_nishati: Huo unjano nao usikudanganye. Urea ikipikwa juu ya TiO2 huweza kuacha tabaka la melemu (mabaki ya urea yenye kaboni na nitrojeni), njano vilevile, bila nitrojeni kuingia kwenye fuwele, na kuosha kwa maji hakuitoi. FTIR (kipimo cha infraredi) itakuonyesha mikanda yake kati ya 1200 na 1650 kwa sentimita.

Na hata nitrojeni ikiingia, ngazi zake za nishati hukaa juu kidogo ya bendi ya valensi (ngazi zilizojaa elektroni). Mwanga unaoonekana unafyonzwa, sawa, ila tundu (nafasi inayoachwa na elektroni) linalobaki hapo ni dhaifu kuzalisha radikali za hidroksili, chembe kali zinazovunja fenoli. Fenoli hapo inakwama.

kichocheo_njano: Sasa nibadili nini?

pengo_nishati: Jaribu kaboni naitraidi, pengo lake la nishati ni eV 2.7, inafyonza hadi karibu nm 460. Urea g 10 kwenye kikombe cha kauri chenye mfuniko, nyuzi 550 kwa saa 3, ukipandisha nyuzi 5 kwa dakika. Bila mfuniko utakuta kikombe kitupu. Hata ukifunika, hupati gramu moja, na amonia inayotoka ni kali, tanuri liwe chini ya kofia ya moshi. Changanya na TiO2 kwenye ethanoli, kausha, choma tena nyuzi 400 kwa saa 1 zishikane. Puliza hewa wakati wa jaribio: elektroni zinahitaji oksijeni ya kuzipokea.

fundi_maabara: Fenoli usiisome kwa nm 270 pekee. Katekoli na hidrokwinoni zinazozaliwa njiani hufyonza jirani kabisa, utadhani haijavunjika. Tumia HPLC, mashine inayotenganisha kemikali hizo kabla ya kuzipima.