Kozi fupi ya programu: wahitimu wangu hawapati kazi, nibadilishe nini?

MwalimuSinza: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kuandika programu kwa miezi minne hapa Dar. Zamani kijana aliyejua kutengeneza tovuti na kuiunganisha na hifadhidata alipata pa kushika. Tangu ChatGPT, ile akili mnemba inayoweza hata kuandika programu, ije mwishoni mwa 2022, zile kazi ndogondogo za kuanzia zimekauka. Juzi mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada kanipigia: "Mwalimu, mwanangu bado yupo tu nyumbani." Nilikosa la kumjibu. Niongeze somo la akili mnemba, au nifunge kabisa?

Kibo_77: Pole mwalimu. Usifunge, ila somo moja la kubandika halitaokoa kitu. Mimi huajiri. Anayekuja kwenye usaili nampa mfumo wa duka wenye hitilafu: mtandao ukisumbua, taarifa ya malipo ya simu inaingia mara mbili, na mauzo yanaandikwa mara mbili. Wengi hutaka kuuandika upya wote. Ninayemtaka ni yule anayefungua kumbukumbu za mfumo, akaona namba ya muamala ni ileile, akaweka ukaguzi kabla ya kuhifadhi. Akitumia ChatGPT sina neno, mradi anieleze kila mstari.

Wa_Nairobi: Dalili zilianza mapema, ndugu yangu. Mwaka 2019 Andela, kampuni inayowaunganisha waandika programu wa Afrika na wateja wa nje, iliwaachisha kazi mamia ya vijana wachanga wa programu, kwa kuwa wateja walitaka wazoefu. Desemba 2024, 2U, kampuni ya Marekani ya elimu ya mtandaoni, ikatangaza kuachana na kozi za aina hii. Usijilaumu peke yako. Ila kama matangazo yako bado yanaahidi ajira, yaondoe leo.

BintiMbeya: Nimepitia kozi kama hiyo. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa orodha ya kazi za siku, sawasawa na wa darasa zima. Kazi niliipata baada ya kukaa wiki kadhaa na mama mwenye duka la dawa, nikamtengenezea mfumo wa kumwonya dawa zinazokaribia kuisha muda. Nilikuwa nimesahau kwamba boksi moja hufunguliwa na kuuzwa kidonge kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyenionyesha. Mwalimu, watoe vijana darasani wakakae na wenye biashara.

MwalimuSinza: Asanteni sana, mmenigusa. Kibo, huo mfumo wa duka naweza kuuazima? Jumatatu naanza nao. Na kesho nampigia yule mzazi: kijana arudi, miezi miwili, bila ada.